Dopamini na Uzito wa Kutenda: Ubongo, Sauti na Mwandiko katika Ugonjwa wa Parkinson

1. Utangulizi

Mwaka 1817 daktari James Parkinson alichapisha mjini London kijitabu kuhusu maradhi aliyoyaita kupooza kwa kutetemeka. Alieleza humo habari za wagonjwa sita, ambao baadhi yao aliwaona njiani tu. Tangu hapo watu wengi huutambua ugonjwa huo kwa mkono unaotetemeka. Hata hivyo, linalomwelemea zaidi mgonjwa si mtetemeko, bali ni uzito wa kuanzisha tendo na kuliendeleza. Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha uzito huo, yaani upungufu wa dopamini katika ubongo, na kuonyesha kwamba upungufu huo haumwondolei mgonjwa nia wala nguvu za misuli. Jambo hili lawahusu pia wachunguzi wa lugha, kwa kuwa sauti, uso na mwandiko ni miongoni mwa vitu vinavyoathirika.

2. Mahali pa upungufu

Dopamini ni kemikali ambayo baadhi ya seli za neva huitumia kupelekeana habari. Sehemu kubwa ya dopamini inayohusika na mwendo hutoka katika eneo dogo la ubongo wa kati liitwalo dutu nyeusi, kutokana na rangi ya giza iliyomo katika seli zake. Seli hizo ni laki chache tu, ilhali ubongo mzima wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Mwaka 1919, mjini Paris, Konstantin Tretiakoff alionyesha kwamba dutu hiyo huharibika kwa wenye ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1960, mjini Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima bongo za marehemu na kukuta kwamba dopamini ilikuwa imepungua mno katika striatamu, eneo la ndani linalopokea nyuzi zitokazo kwenye dutu nyeusi.

Upotevu huo huenda polepole. Dalili za mwendo zinapodhihirika, zaidi ya nusu ya dopamini ya striatamu huwa imekwisha kutoweka. Kwa maneno mengine, ubongo huficha hasara yake kwa miaka kadhaa kabla ya kushindwa.

3. Kuruhusu na kuzuia

Striatamu haikazi misuli. Kazi yake yafanana na ya bawabu: kati ya matendo mengi yanayowezekana, huchangia kuruhusu moja na kuyazuia mengine. Kwa ajili hiyo zipo njia mbili za neva, moja ya kuruhusu na moja ya kuzuia. Dopamini huipa nguvu ile ya kwanza na kuilegeza ile ya pili. Inapopungua, mizani huelemea upande wa kuzuia: bawabu hubaki mlangoni, na tendo lililokwisha kukusudiwa hukawia kutoka.

Ndiyo maana mgonjwa huinuka kitini kwa shida, hupiga hatua fupi, na pengine miguu yake huganda sakafuni ghafla. Lakini mgonjwa huyohuyo aweza kutembea vizuri zaidi akichorewa mistari sakafuni au akifuata mdundo wa ngoma. Ishara itokayo nje humsaidia kupitia njia nyingine za ubongo. Huu ni ushahidi kwamba uwezo wa kutembea ungalimo. Kilichopungua ni wepesi wa kuuanzisha kutoka ndani.

Ikumbukwe kwamba mtetemeko wenyewe hauelezwi na dopamini peke yake. Sehemu nyingine za ubongo, ikiwemo serebela, nazo zinahusika.

4. Athari katika mawasiliano

Uzito huo huyafikia mazungumzo. Sauti hufifia na kukosa mpando na mshuko wake wa kawaida, matamshi hufungamana, uso hupunguza ishara, herufi huzidi kuwa ndogo kadiri mstari unavyoendelea. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe huona kwamba anasema kwa sauti ya kutosha, na hushangaa akiombwa kurudia.

Katika jamii ambamo salamu hupimwa kwa sauti na kwa uso, dalili hizi hufasiriwa vibaya kwa urahisi. Mzee asiyetabasamu hudhaniwa amekasirika, na anayejibu kwa kunong'ona hudhaniwa anadharau au amechoka na watu.

Kuna dokezo lingine linalowahusu wanaisimu. Mwaka 2008 watafiti wa Lyon, Ufaransa, walichapisha jaribio la utambuzi wa maneno. Wagonjwa walipokuwa bila dawa, ubongo wao ulionyesha udhaifu katika kushughulikia vitenzi vya matendo, lakini si nomino za vitu. Walipotumia dawa, tofauti hiyo ilitoweka. Jaribio moja halitoshi kuthibitisha nadharia. Hata hivyo laashiria kwamba maana ya kitenzi na mfumo wa mwendo si vitu vigeni kabisa kimoja kwa kingine.

5. Tiba na mipaka yake

Dopamini yenyewe haivuki kutoka katika damu kuingia ubongoni. Levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, huvuka. Mwaka 1967 George Cotzias, nchini Marekani, alionyesha kwamba ikitolewa kwa mdomo na kuongezwa kidogokidogo huwapa wagonjwa nafuu kubwa. Levodopa imo pia kiasili katika mbegu za upupu, lakini kipimo chake humo hubadilika-badilika, na hivyo si mbadala wa usimamizi wa daktari.

Dawa hiyo hujaza pengo. Haizuii seli kufa. Baada ya miaka, nafuu yake huweza kuwa ya vipindi, na mwili huweza kujinyonganyonga bila hiari. Sauti nayo mara nyingi hainufaiki sana. Mazoezi ya kusema kwa nguvu huisaidia zaidi.

6. Hitimisho

Upungufu wa dopamini huuchelewesha mwili, nao huweka umbali kati ya kukusudia na kutenda. Anayeuelewa umbali huo hatamkatiza mgonjwa wala kummalizia sentensi, bali atamngojea. Jibu limo njiani.