Wagiriki walikuwa na mungu wa mashindano. Juu ya nini walihitaji pia fimbo?



Siku ya mechi huku kwetu unaona timu mbili zinapiga magoti kwenye uwanja mmoja, zinaomba Mungu mmoja, na kila moja inaomba ushindi. Dakika ya 90 ikifika, wale walioshindwa hawasemi "Mungu hakutaka". Wanasema: "Arbitre alikula." Ile sentensi fupi inabeba swali kubwa. Haki ya mashindano inatoka wapi? Inatoka juu, kwa mwenye kuona yote, ao inatoka hapa chini, kwa wenye kushika filimbi?

Kuna watu waliopambana na swali hilo kwa zaidi ya miaka elfu moja: Wagiriki wa zamani, kwenye michezo ya Olympia. Walifika hata kujitengenezea mungu wa mashindano. Leo nataka kueleza namna walivyofanya, na fasi gani mungu peke yake hakutosha. Sisemi turudi kuabudu masanamu, hapana. Nasema tuangalie kazi yao, kwa sababu tatizo lao njo letu.

1. Mungu mwenyewe alikuwa nani?

Olympia iko magharibi ya Ugiriki, kwenye inchi ya watu wa Elis, na watu wa Elis njo walisimamia michezo. Kwa desturi, michezo inahesabiwa tangu mwaka 776 kabla ya Kristo (K.K.), kila miaka minne, kwa heshima ya Zeus, mkubwa wa miungu yao. Mengi tunayojua yanatoka kwa Pausanias, msafiri Mgiriki aliyepita pale katika karne ya 2 baada ya Kristo, akaandika alichokiona, sanamu kwa sanamu.

Pausanias anasema aliona pale sanamu ya Agon. Neno "agon" maana yake ni mashindano. Ni kusema Wagiriki walichukua neno, wakalipa mwili, wakalifanya mungu. Mkononi sanamu ile ilishika vile vizito ambavyo warukaji walibeba wakati wa kuruka. Karibu na mlango wa uwanja kulikuwa pia madhabahu mbili: moja ya Hermes wa mashindano, moja ya Kairos, yule mungu wa nafasi nzuri, ile dakika ambayo ikipita hairudi. Mwanamichezo yeyote anaelewa juu ya nini Kairos aliwekwa pale mlangoni.

Lakini angalieni jambo hili. Siku ya kuapa, hakuna aliyeapa kwa jina la Agon. Agon alikuwa wa nguvu na jasho. Kwa mambo ya haki walienda kwa mwingine: Zeus Horkios, ni kusema Zeus wa viapo.

2. Kiapo, na nani alipaswa kuapa

Sanamu ya Zeus wa viapo ilisimama kwenye nyumba ya baraza. Pausanias anasema kati ya masanamu yote ya Zeus, hii njo ilitengenezwa zaidi kwa kuogopesha wakosaji. Ilishika radi katika mkono wa kuume na radi katika mkono wa kushoto. Kwa miguu yake kulikuwa kibao chenye maandiko ya kutisha wenye kuapa uongo.

Mbele yake waliapa juu ya vipande vya nyama ya nguruwe dume kwamba hawatatenda baya lolote juu ya michezo. Na hapa njo penye akili: hakuapa mwanamichezo peke yake. Waliapa pia baba yake, ndugu zake na mwalimu wake wa mazoezi. Watu wale walijua kama rushwa haitembei na kijana peke yake. Inatoka nyumbani, inapita kwa mjomba, inafika kwa kocha. Wanamichezo waliongeza kiapo kingine, kwamba kwa miezi 10 mfululizo walifuata kanuni zote za mazoezi. Na wale waliopima watoto ao wana-farasi kabla ya kuwaingiza waliapa kuamua kwa haki bila kupokea zawadi, na kuficha siri ya kile walichojua juu ya kila mmoja, aliyekubaliwa na aliyekataliwa.

Kwa karatasi, kila kitu kilikuwa sawa. Mungu mwenye radi mbili, kiapo juu ya damu, familia nzima kama shahidi. Na bado waliiba.

3. Masanamu ya aibu

Mwaka 388 K.K., mpigana ngumi mmoja wa Thessaly, jina lake Eupolos, alilipa wapinzani watatu ili wamwachie ushindi. Mmoja wao alikuwa bingwa wa michezo iliyotangulia! Walijulikana. Wote wanne walitozwa faini, yule aliyetoa na wale waliopokea. Kwa ile feza watu wa Elis walitengeneza masanamu sita ya Zeus kwa bronzi. (Sisi wa Congo tunaweza kuelewa bronzi vizuri: ni shaba sawa ile ya Katanga, ukiyeyusha pamoja na bati sawa ile ya Kivu.)

Wagiriki waliita masanamu hayo Zanes, ni kusema "Zeus wengi". Hawakuyaficha kwenye hekalu. Waliyapanga kwenye njia ya kuingia uwanjani, ili kila mwanamichezo ayapite akienda kushindana. Chini ya sanamu waliandika maneno, na moja lilikumbusha kama ushindi wa Olympia unapatikana kwa mbio za miguu na nguvu za mwili, hapana kwa feza. Mpaka leo, ukifika Olympia, unakuta misingi 16 ya mawe iliyobeba masanamu ya namna hiyo. Bronzi ilipotea, aibu ilibaki.

Mwaka 332 K.K. ikawa zamu ya Kallippos wa Athens, aliyenunua wapinzani wake. Mji wake mkubwa ulikataa kulipa faini. Ulituma Hypereides, msemaji hodari, akaombe isamehewe. Elis ikakataa. Athens ikasusia michezo. Mwishowe kuhani wa mungu Apollo kule Delphi akawaambia Waathens kama hawatapata jibu lolote la mungu mpaka walipe. Walilipa, na masanamu mengine sita yakasimama njiani. Mji mkubwa hakukuwa na faini ndogo.

Hadithi inayonigusa zaidi ni ya mwaka 12 K.K. Baba mmoja wa Elis yenyewe, jina lake Damonikos, alitaka mwana wake ashinde mieleka. Akalipa baba wa mtoto mwingine. Waamuzi walipojua, walitoza faini hao wababa wawili, juu wao njo walikuwa wakosaji. Wazazi wenye kununua mapointi ya mtoto hawakuanzia kwetu.

4. Kwa hiyo, nini kilisaidia?

Mungu wao aliona yote, waliamini hivyo. Tatizo ni kwamba watu wa kawaida hawaoni kile mungu anaona. Aliyeshindwa kwa haki hawezi kujua kama alishindwa kwa haki, isipokuwa amewekewa kitu cha kuona kwa macho. Watu wa Elis walielewa hiyo pole pole, na vitu vitatu njo vilibeba kazi.

Kwanza, kura. Kwa mieleka, mwandishi Lucian anaeleza kama kulikuwa chungu cha feza ndani yake vipande vidogo, ukubwa wa haragi, kila kimoja na herufi. Herufi A mbili, B mbili, vivyo hivyo. Kila mpiganaji anasogea, anaomba Zeus, anaingiza mkono. Na mlinzi anasimama pembeni, anamshika mkono ili asisome herufi kabla ya wakati. Wenye A wawili wanapigana pamoja. Angalieni: maombi yapo, na mlinzi yupo. Hakuna aliyeona kama mlinzi anatukana maombi.

Mimi niliyesoma agronomia nacheka nikisoma hiyo, juu ni kazi yetu ya shambani kabisa. Ukitaka kulinganisha mbegu nne za maharagi kwenye mlima, unajua chini kabisa udongo ni mnono na juu mvua imeshaufagia. Ukichagua wewe mwenyewe fasi ya kila mbegu, mkono wako utapeleka ile unayoipenda kule chini, hata bila kukusudia. Kwa hiyo unagawa shamba kwa vipande, na ndani ya kila kipande unapiga kura. Kura haisemi kama wewe ni mwizi. Inafanya tu kwamba hakuna mwenye kuweza kukuita mwizi.

Pili, umbali kati ya mwamuzi na mshindani. Herodotus, wa karne ya 5 K.K., anaeleza kama wajumbe wa Elis walienda hapa Afrika, kwa mfalme wa Misri, kujisifu kwamba wao njo wanasimamia michezo kwa haki kuliko watu wote. Wakauliza kama Wamisri wanaweza kuongeza kitu. Wenye hekima wa Misri waliuliza jambo moja tu: watu wa Elis wenyewe wanashindana? Wakajibu ndiyo, wao na kila Mgiriki anayetaka. Wamisri wakasema: basi haki hakuna, juu haiwezekani msipendelee mtu wa kwenu, mkitaka haki ya kweli, acheni wageni peke yao washindane. Elis haikufuata ile shauri. Mwaka 372 K.K. mwamuzi mmoja, Troilos, alishinda mashindano ya farasi yeye mwenyewe akiwa mwamuzi! Kisha pale njo walitunga sheria kwamba mwamuzi haruhusiwi tena kuingiza farasi wake.

Tatu, mwamuzi naye anaadhibiwa. Waamuzi walishika fimbo, na mkimbiaji aliyetoka mbele ya wakati alichapwa bila kuangalia jina la babu yake. Lakini kulikuwa na wa kuwaangalia wao pia. Mwaka 396 K.K. waamuzi wawili kati ya watatu walimpa mtu wa Elis ushindi wa mbio, wa tatu alimpa Leon wa Ambrakia. Leon alishitaki kwenye baraza la Olympia, na baraza likawatoza faini wale wawili.

5. Pale ambapo mkubwa mwenyewe anashindana

Tusidanganyane kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Wanawake hawakuruhusiwa kushindana uwanjani, watumwa hapana, na wageni wasio Wagiriki kwa muda mrefu hapana. Haki yao ilikuwa ndani ya duara ndogo.

Na hata ndani ya duara ile, mwaka 67 baada ya Kristo, alifika Nero, kaisari wa Roma. Aliendesha gari la farasi 10, akaanguka, hakumaliza. Wakampa taji. Yeye akawapa waamuzi feza nyingi. Zeus mwenye radi mbili alisimama palepale, hakutikisika. Lakini Nero alipokufa, kaisari Galba aliwadai waamuzi warudishe feza, na watu wa Elis waliacha michezo ile nje ya kitabu chao cha hesabu, sawa vile haikufanyika. Haki ilichelewa, lakini iliandikwa.

6. Sisi na haya

Wengi wetu tuko na diplome kwenye karatasi ya plastiki na tunaandika concours mmoja kisha mwingine. Nimeshaandika mmoja ambapo liste ya waliochukuliwa haikubandikwa popote; watu walipigiwa simu, kwisha. Pengine waliochukuliwa walikuwa wazuri kuliko sisi wote. Sina ushahidi wa kusema kinyume. Lakini hapo njo maumivu yalipo, na yanauma pande mbili: aliyeshindwa hajui kama asome zaidi ao atafute mjomba, na aliyeshinda kwa jasho lake anafika kazini siku ya kwanza watu wanaminya jicho. Mashindano ya kufichwa yanaibia hata bingwa.

Kwa hiyo tukiwa sisi wenye kupanga, hata kama ni mechi ya promotion mbili, bourse ndogo, ao kuchagua kamati ya chama, tuulize maswali matatu ya Olympia. Kura ilipigwa mbele ya nani? Mwenye kutoa mapointi iko na mtoto wake, mdogo wake ao mchumba wake kwenye liste? Na matokeo, pamoja na jina la aliyeiba kama yuko, yatabandikwa kwenye mlango gani?

Tuombe kabla ya kuanza, ni vizuri. Kisha tuweke mlinzi pembeni ya chungu.