Kompyuta ya Kuazima Imsahau Mtu, Kazi Yake Isipotee

Bumu, yaani fedha ya mkopo wa kujikimu, likiingia mwanzoni mwa muhula, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huwa na mahitaji mengi kuliko fedha: chumba, chakula, nauli, fotokopi. Kompyuta mpakato hubaki mwisho wa orodha, ingawa kazi za darasani zinatakiwa zichapwe na kupakiwa kwenye mfumo wa masomo wa Moodle kabla ya saa sita usiku. Maktaba ya chuo inayoazimisha kompyuta ndogo inamwondolea mzigo mkubwa. Lakini mashine hizo zikitolewa kwenye boksi na kugawiwa vivi hivi, baada ya wiki chache zitakuwa zimejaa mafaili ya watu, nywila zilizohifadhiwa na virusi.

Fundi anayeziandaa ana kanuni mbili za kushika. Mashine imsahau kila aliyeitumia, na kazi ya mwanafunzi isipotee. Kanuni hizi huvutana, na karibu kila uamuzi wa kiufundi unatokana na mvutano huo.

Tuanze na mfumo endeshi. Kompyuta nyingi ndogo za bei nafuu zina RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 32 iliyolehemewa kwenye bodi, hivyo haiwezi kubadilishwa. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai angalau hifadhi ya GB 64 pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine ya GB 32 haimo. Linux Mint yenye mazingira mepesi ya Xfce inaingia humo na kubakiza nafasi. Ikiwekewa LibreOffice, kivinjari cha Firefox, Zotero kwa marejeo, na R au PSPP kwa takwimu, inamtosheleza mwanafunzi wa fani nyingi. Wanaolazimika kutumia programu inayoendeshwa kwenye Windows pekee watengewe mashine chache zenye uwezo huo.

Hapa kuna jambo dogo linaloudhi sana likisahauliwa. Wahadhiri wengi hupokea kazi katika muundo wa docx, na miongozo mingi ya tasnifu inataka fonti ya Times New Roman ya ukubwa wa 12. Fundi apange LibreOffice ihifadhi kwa docx yenyewe, na ahakikishe Liberation Serif ipo. Herufi zake zimepimwa upana sawa na za Times New Roman, kwa hiyo kurasa hazihami mhadhiri anapofungua faili kwenye Word. Bila hivyo, jedwali lililokaa vizuri ukurasa wa 12 linakatika katikati, na mwanafunzi ndiye anayeonekana mzembe.

Sasa tuje kwenye kusahau. Kwa mkopo wa saa chache ndani ya maktaba, mwanafunzi aingie kwa akaunti ya mgeni ambayo folda yake yote inafutwa anapotoka. Wapo mafundi wanaopenda njia kali zaidi, ya kufanya kila kinachoandikwa kikae kwenye RAM tu na kupotea mashine inapozimwa. Njia hiyo ni salama, lakini kwenye RAM ya GB 4 video moja kubwa ikipakuliwa inaweza kuikwamisha mashine nzima. Kwa mkopo wa wiki au muhula, kufuta kila siku ni kumkomoa mtu. Huyo apewe akaunti yake yenye nywila, diski isimbwe kwa fumbo ili mwizi asisome kitu, na mashine ipanguswe na kupakiwa upya siku inaporudishwa.

Kufuta folda ya mtumiaji hakumalizi kazi. Katika Linux, nywila za waifai mara nyingi huhifadhiwa nje ya folda hiyo, kwenye eneo la mfumo mzima. Mwanafunzi akijiunga na mtandao wa eduroam kwa jina na nywila yake ya chuo, akatoka, mwenzake anayefuata anaweza kujikuta anatumia mtandao kwa utambulisho wa mtu mwingine. Dawa yake ni kuipa mashine yenyewe utambulisho wa kuingilia mtandao, ili mwanafunzi asilazimike kuandika nywila yake hapo.

Kazi nayo ihifadhiwe wapi? Wengi hutegemea flashi, na flashi hiyo hiyo hupelekwa steshenari kuchapisha. Ikirudi, folda ya tasnifu imegeuka njia ya mkato ya kilobaiti chache, na mafaili halisi yamefichwa. Kirusi cha aina hiyo kimetengenezwa kwa ajili ya Windows na hakifanyi kazi kwenye Linux, kwa hiyo mashine ya maktaba inaweza hata kutumika kuyafichua mafaili hayo. Hata hivyo, flashi hupotea. Kila mwanafunzi apewe folda kwenye seva ya chuo, na folda hiyo iwe ndiyo mahali pa kwanza panapofunguka akibonyeza kuhifadhi. Onyo la kwamba mafaili yatafutwa liandikwe kwa Kiswahili kilicho wazi kwenye skrini, palepale anapoliona kila anapoingia.

Fundi asiandae mashine moja moja. Aandae moja kikamilifu, achukue taswira yake kwa programu ya Clonezilla, kisha aimwage kwenye nyingine kupitia mtandao. Kila moja ipewe jina lake, linalolingana na namba iliyobandikwa kwenye kifuniko na kwenye chaja. Nywila ya BIOS iwekwe, na kuwaka kupitia flashi kuzuiwe.

Kaunta nayo ina kazi yake. Anayepokea mashine afungue kifuniko, aangalie bawaba, aiwashe, achomeke chaja mbele ya mwanafunzi. Apitishe kiganja juu ya kibodi na padi ya kugusia: ikiwa imeinuka hata kidogo, betri inavimba. Mashine hiyo isichajiwe tena wala kuazimishwa. Betri za lithiamu huzeeka haraka zikikaa asilimia 100 mahali pa joto, kwa hiyo kabati liwe na hewa, na zile zinazosubiri likizo ziachwe zikiwa na chaji ya nusu hivi.

Kumbukumbu za mkopo ziseme nani alichukua mashine ipi na lini, basi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, kama ile ya Kenya ya 2019, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi halali na kwa kiasi kinachohitajika. Kumpeleleza mwanafunzi anasoma nini hakuzuii wizi wa kompyuta.

Vyuo hupenda kutangaza idadi ya kompyuta zilizonunuliwa. Vitenge pia muda wa fundi, saa za kila wiki za kusasisha na kukagua, na viwape wanafunzi wachache mashine za kwanza wazijaribu kwa kazi zao halisi kabla ya taswira kunakiliwa kwenye nyingine zote. Mwanafunzi asiye na uwezo wa kununua kompyuta anastahili mashine anayoweza kuiamini kana kwamba ameinunua mwenyewe.