Injini Hushikwa Wapi?

Fungua boneti ya gari dogo la Kijapani ambalo injini yake haijachokonolewa sana, uangalie juu ya silinda hedi. Karibu na kona moja utaona kipande cha chuma cha bapa, kimekunjwa na kutobolewa tundu la kupita kidole. Hakibani waya, hakibebi bomba, hakizuii mtetemo. Kwenye kona ya mshazari, upande wa pili, mara nyingi kuna mwenzake. Gari linaweza kutembea miaka 20 bila mtu kuvigusa. Kazi yao ilifanyika kiwandani, injini ilipokuwa ikining'inia hewani kabla ya kushushwa mahali pake.

Hivyo ndivyo vishikio vya kunyanyulia, na kabla fundi hajaanza kubuni pa kufunga cheni, aanze kwa kuvitafuta. Waliovipanga walishapiga hesabu ambayo gereji haina nafasi ya kuirudia.

Hesabu yenyewe inahusu kitovu cha uzito. Ndoano ya winchi ikianza kuvuta, mzigo hujigeuza wenyewe mpaka kitovu hicho kikae wima chini ya ndoano, na mikono ya watu haiwezi kuuzuia kwa muda mrefu. Injini ya silinda nne ina kitovu chake ndani ya bloku, si mbali sana na krenkishafti, na silinda hedi iko juu yake. Ikishikwa kwenye hedi, hata ikiyumba itarudi. Ikishikwa chini, tuseme kwa cheni iliyopitishwa chini ya sampu, uzito mwingi unabaki juu ya mshiko na msukosuko mdogo unaweza kuipindua. Mshazari nao una sababu: mstari unaounganisha vishikio viwili hupita karibu na juu ya kitovu.

Giaboksi ikitoka pamoja na injini, mambo hubadilika, kwa kuwa kitovu husogea kuelekea huko. Mbeba maji wa mzega, ndoo moja ikiwa nzito zaidi, husogeza bega upande wa ndoo hiyo; ndoano nayo isogezwe vivyo hivyo. Kwenye Land Cruiser, ambako giaboksi ndefu imeungwa nyuma ya injini, fundi hutaka mbele iinuke kwanza, kwa hiyo cheni ya mbele hufupishwa makusudi. Kipo chombo cha kusawazisha, chenye skrubu ndefu na mkono wa kuzungusha, kinachosogeza ndoano huku mzigo uko hewani. Asiyekuwa nacho atatumia pingili za cheni, ila azipange kabla ya kuvuta.

Kosa ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya ni kutumia cheni fupi. Chukua injini na giaboksi zenye kilo 200 kwa jumla, zikishikwa kwa cheni mbili za urefu sawa, na kitovu katikati. Kila cheni ikiinuka nyuzi 60 kutoka mlalo, inabeba kama kilo 115. Kwa nyuzi 45 inabeba 141. Kwa nyuzi 30 kila moja inabeba 200 kamili, na kwa nyuzi 15 inafika 386. Injini haikuongezeka hata gramu moja. Cheni ndizo zinazovutana kuelekea ndani, zikipinda vishikio na kubana kava la tapeti lililo katikati. Najua paa la gereji likiwa fupi kishawishi cha kufupisha cheni ni kikubwa. Heri kusogeza winchi nje, penye nafasi ya kwenda juu.

Je, vishikio vikiwa vimepotea? Hapo watu hufikiria unene wa bolti na kusahau namna inavyovutwa. Bolti ya milimita 10 yenye alama 8.8 kichwani huanza kurefuka bila kurudi pale inapokaribia kubeba tani 3.7, ikivutwa sawasawa na urefu wake. Injini ya gari dogo si kitu mbele yake. Sasa ifunge hiyohiyo ikiwa imechomoza, cheni ikae milimita 30 kutoka kwenye uso wa hedi, uivute kwa ubavu: kilo 100 tu zinaifikisha karibu asilimia 90 ya kikomo cha kupinda bila kurudi. Na mzigo unaodondokea cheni ghafla huweza kuilemea mara mbili ya uzito wake uliotulia, au hata zaidi. Kwa hiyo cheni ibanwe ikigusa chuma cha injini, kwa bolti fupi na washa pana, wala isiwekwe bushi ya kuisogeza nje.

Kisha kuna hesi. Hedi nyingi za siku hizi ni za alumini, laini kuliko bolti, kwa hiyo kinachong'oka ni hesi za tundu. Bolti iingie ndani mara moja na nusu hadi mbili ya unene wake. Ya milimita 10 izame milimita 15 hadi 20. Matundu mazuri ni yale ya vishikio vya asili, na baada yake matundu matupu, makubwa na yenye kina, kwenye ncha za hedi au bloku. Menifodi ya plastiki, kava la tapeti, kishikio cha altaneta, na stadi za ekzosi zilizoliwa na joto na kutu, zote ziachwe.

Injini ikishaachia maunting, inyanyue sentimita chache tu, kisha usimame. Tazama inakoinamia, tazama kama bolti imepinda, tazama waya uliosahaulika. Mguu wala mkono usiwe chini yake.

Na wewe unayenunua injini iliyotumika, Dar es Salaam au Nairobi, usilipe kabla hujaangalia kama vishikio vyake vipo. Visipokuwepo, mwambie muuzaji akutolee kwenye injini mbovu ya aina hiyohiyo, pamoja na bolti zake.