Kigae Si Ukuta

Ndugu msomaji, iwapo nyumbani kwako yupo mzee ambaye hupapasa ukuta kila atokapo kuoga, bila shaka umekwisha kufikiria kumwekea bafuni kishikio cha chuma. Ni wazo jema. Lakini kumbuka kwamba kigae ni vazi la ukuta tu. Uzito wa mzee sharti ubebwe na ukuta wenyewe.

Kwanza, chagua mahali. Nyuma ya vigae hupita mabomba na nyaya; kwa hiyo usitoboe katika mstari ulionyooka na koki au swichi, iwe juu, chini au ubavuni. Epuka pia ukingo wa kigae. Bandika utepe wa gundi, utie alama juu yake, ili ncha ya keekee isiteleze.

Pili, keekee ya umeme izungushe tu, isigonge, maana kugonga ndiko kupasuako vigae. Kigae cha kawaida hutobolewa kwa ncha ya kabidi; kile kigumu cha kaure huhitaji ncha ya almasi, inayopozwa kwa maji machache yasiyofika kwenye mota. Vaa miwani ya kazi, uende polepole.

Tatu, sukuma kizibo cha plastiki kipite unene wa kigae, kizame ukutani. Kikibaki ndani ya kigae, skrubu itakitanua na kigae kitapasuka.

Mwisho, kivute kishikio wewe kwanza, kwa nguvu zako zote. Kikiwa kitang'oka, heri king'oke mkononi mwako kuliko mkononi mwa mzee.