Maumivu ya mtoto yana uzito gani? Watu wazima ndio wanaopima

Mtoto wa miaka 10 ana maumivu makali na huzuni nyingi. Anaweza kuishi hivyo miaka 10 mingine, kisha afe. Ao aishi miaka michache zaidi, lakini akiwa mzima kabisa. Ungekubali kumpunguzia miaka mingapi?

Swali hilo zito waliulizwa watu wazima huko Ujapani, Slovenia, Ujerumani na Uhispania. Majibu yao yanatumiwa kutoa alama kwa hojaji inayoitwa EQ-5D-Y, ambayo mtoto mwenyewe anaijaza: kutembea, kujitunza, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi ao huzuni. Kila jambo lina majibu matatu, na ukiyachanganya unapata hali 243 za afya. Mtoto anaeleza namna anavyojisikia; mkubwa ndiye anayesema hali hiyo ni mbaya kiasi gani.

Hapo ndipo penye tatizo. Tuseme mtu anaona miaka 7 ya uzima ni sawa na 10 ya maumivu: hali ile inapewa alama 0,7. Akiulizwa juu ya mtoto, mara nyingi anasita kukata miaka. Anaishia kwenye 9, na alama inakuwa 0,9. Nani atamlaumu? Mzazi gani anapunguza siku za mtoto? Lakini katika hesabu, dawa inayoondoa maumivu yale kwa miaka 10 inaleta faida ya miaka 3 kwa mtu mzima, na mwaka 1 tu kwa mtoto. Bei ikiwa moja, dawa ya mtoto inaonekana ghali mara tatu. Huruma ya mkubwa imemgeukia mtoto.

Kwetu Kongo, inchi iliyo kati ya zile zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa wa SS, jambo hili si la mbali. Wazazi wanazijua zile usiku ambazo mifupa inauma hadi asubuhi. Dawa ya hidroksiurea inapunguza mashambulio hayo, na sehemu kubwa ya faida yake ni maumivu ambayo mtoto hakuyapata.

Kwa inchi zetu, mara nyingi wataalamu wanatumia hesabu nyingine, ambamo kila ugonjwa una uzito mmoja kwa umri wote. Uzito uliotangazwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet ulitoka kwa watu waliohojiwa Bangladesh, Indonesia, Peru, Tanzania na Marekani, pamoja na wengine waliojibu kwa intaneti. Kati ya inchi hizo tano, Kongo haimo.

Huko Australia walijaribu njia nyingine: waliwauliza vijana wa miaka 11 hadi 17 wenyewe, wakitumia hojaji CHU9D iliyotengenezwa Sheffield, Uingereza. Hawakuwagusia habari za kufa. Waliwaonyesha hali fulani ya afya na kuwaambia wachague kilicho afadhali na kilicho kibaya zaidi ndani yake. Watu wazima walikuwa wameweka uzito zaidi kwenye maumivu makali. Vijana waliuweka kwenye huzuni, wasiwasi na kukasirika.