Versailles: Kasri la mfalme aliyekosa maji

Iwapo safari itakufikisha Paris, usiridhike na kupigwa picha chini ya mnara wa Eiffel kisha ukarejea nyumbani. Panda treni asubuhi na mapema, na kabla ya saa moja kupita utakuwa umefika Versailles, mji ulio kilomita 20 hivi kutoka jijini. Hakikisha tu kwamba si Jumatatu, kwani siku hiyo kasri hufungwa, nawe utaishia kukodolea macho lango la dhahabu.

Ukiingia ndani, umati utakusukuma hadi kwenye Ukumbi wa Vioo, wenye urefu wa mita 73 na vioo 357. Watu hupigwa na butwaa hapo, na si ajabu. Lakini kumbuka kwamba ni humo, tarehe 28 Juni 1919, ulimotiwa sahihi mkataba ulioipokonya Ujerumani makoloni yake, Tanganyika ya jirani zetu ikiwemo. Watanganyika wenyewe hawakuulizwa.

Vyumba vingine ni dhahabu juu ya dhahabu, na macho huchoka. Toka nje. Uhondo hasa uko bustanini.

Simama juu ya ngazi zilizo nyuma ya kasri. Njia zimenyooka kana kwamba zilipigwa rula, miti imekatwa ikapata pembe kama masanduku, na kule mbali unameremeta mfereji uliochimbwa na watu, wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Aliyeyapanga haya ni André Le Nôtre, kwa amri ya mfalme Louis wa 14, ambaye mwaka wa 1682 alihamishia serikali yake yote mahali hapa ambapo babake alikuwa na nyumba ya kuwindia tu.

Sasa wewe unayeishi katika mtaa ambako bomba hukauka siku tatu na mitungi ikapangwa foleni, sikiliza kisa hiki. Mfalme huyo, aliyeogopwa Ulaya nzima, hakuwa na maji ya kutosha! Alijaza bustani chemchemi za kurusha maji, lakini hazikuweza kufanya kazi zote kwa pamoja. Basi wafanyakazi walikuwa wakipigiana mbinja. Mfalme akikaribia chemchemi, mbinja inalia, maji yanafunguliwa. Akishapita, yanafungwa ili yamtangulie kwingine.

Hakukata tamaa. Mwaka wa 1684 mtambo wa magurudumu 14 makubwa ulikamilika kwenye mto Seine, huko Marly, ukiyasukuma maji kupanda mlima. Hayakutosha. Mwaka uliofuata akaamuru maji ya mto Eure yaletwe kutoka makumi ya kilomita. Maelfu ya wanajeshi walipewa sepeto badala ya bunduki, na wengi wakafa kwa homa kazini. Vita vilipozuka mwaka wa 1688 kazi ilisimama, na haikumalizwa kamwe. Matao yaliyokusudiwa kubeba maji hayo bado yanaonekana huko Maintenon, tone lisipite juu yake.

Ukishuka ngazi utakutana na chemchemi ya Latona. Huyu ni mama wa hadithi za kale aliyefika kwenye bwawa na watoto wake pacha wakiwa na kiu, wanakijiji wakamnyima maji na kuyavuruga kwa miguu yao. Wakageuzwa vyura. Utawaona wamezunguka hapo, wengine nusu mtu, nusu chura.

Kiu haikuwa ya maji pekee. Tarehe 5 Oktoba 1789 wanawake wa Paris walitembea kwa miguu hadi hapa kudai mkate. Kesho yake walirudi jijini pamoja na mfalme Louis wa 16 na jamaa yake, naye hakuliona tena kasri hili.

Hata leo chemchemi hazirushi maji kila siku. Nyingi hufunguliwa siku maalum za miezi ya joto, hasa Jumamosi na Jumapili, na siku hizo bustani huwa ya kulipia. Ulizia kabla hujakata tikiti. Vaa viatu vya kutembelea, na kama una watoto, chukua chupa ya maji. Kutoka kasrini hadi mwisho wa ule mfereji na kurudi si mchezo.