Kipandauso na Hesabu ya Siku

Mama mmoja, muuza vitumbua, alikuja kwangu amejifunga kichwa kitambaa kilichokazwa hata kikaacha alama kwenye kipaji cha uso, na nilipomuuliza ni dawa gani azitumiazo hakunijibu kwa maneno, bali alifungua pindo la kanga yake akatoa karatasi tatu za vidonge vya kutuliza maumivu, mbili tupu na ya tatu imebaki vidonge viwili, akasema hizo ndizo za juma lile. Kipandauso alikuwa nacho tangu usichana wake, kama mama yake kabla yake: upande mmoja wa kichwa ukigonga kama mchi kinuni, mwanga ukimchoma, chakula kikimrudi, kisha baada ya siku moja au mbili kikaondoka chenyewe. Lakini sasa kilikuwa hakiondoki. Alilala nacho na akaamka nacho.

Aghalabu watu hudhani kwamba kichwa cha namna hii kinataka dawa yenye nguvu zaidi, ilhali haki yake ni kinyume cha hayo. Mwenye maradhi ya kichwa ya tangu zamani, akiwa anaumwa siku 15 au zaidi katika kila mwezi, naye kwa muda uzidio miezi 3 amekuwa akimeza parasetamoli, aspirini au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile zilizochanganywa na kafeini au kodeini siku 10 au zaidi, basi dawa yenyewe ndiyo ya kushukiwa. Ubongo uliozoea kutulizwa kila siku huzidi wepesi wa kuhisi maumivu. Dawa inapopungua mwilini kichwa huanza tena, na maskini mgonjwa, akidhani ni maradhi yaleyale yamerejea, humeza kingine. Kihesabiwacho hapa ni siku, wala si wingi wa vidonge. Na ajabu ni kwamba amezaye dawa hizohizo kwa ajili ya magoti, naye hana asili ya kuumwa kichwa, ni nadra kupatwa na balaa hili.

Tiba ni kuziacha, na sitaki kumficha msomaji kwamba siku za mwanzo, baina ya 2 na 10, huwa nzito kuliko zilizotangulia, na ambaye amezoea kodeini hana budi kuipunguza polepole mbele ya tabibu. Ili kumsaidia mama huyu nilimwandikia amitriptilini kidogo, miligramu 10 kila usiku, naye akarudi siku ya tatu bila kuigusa, kwa kuwa jirani alimwambia, "Hiyo ni dawa ya wazimu." Neno hilo limewanyima watu wengi nafuu. Ni kweli dawa hiyo hutibu sonona, lakini kwa kipimo cha miligramu 75 hata 150; kwa kiasi kidogo huzuia kipandauso, hata kwa mtu asiye na huzuni yoyote. Hukausha kinywa na kuleta usingizi, na haimfai kila mwenye maradhi ya moyo. Kadhalika propranololi, ambayo nayo huzuia kipandauso, haimfai mwenye pumu.

Nilipomuuliza habari za usingizi, aliinama, akasema, "Daktari, nina mawazo." Kipandauso na sonona hufuatana mara nyingi, wala mmoja si uongo wa mwenziwe. Sonona ikiwa nzito, fluoksetini husaidia, ila hutaka majuma kadhaa kabla ya kuonyesha athari yake, na aiachaye siku ya kumi huwa hakuijaribu. Sonona isiyo nzito hutibika pia kwa mazungumzo yenye utaratibu. Huko Harare, tangu mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda amewafunza mabibi wa mitaani kukaa na wagonjwa juu ya benchi katika uwanja wa zahanati, wakisikiliza, kisha wakimsaidia mgonjwa kuchagua shida moja tu ya kuanza kuitatua. Na uchunguzi wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba waliokaa benchini walipata nafuu kuwashinda wenzao. Washona wa huko wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, nalo halikosi kufanana na yale mawazo ya mama huyu.

Shida aliyoichagua yeye ilikuwa kuamka saa tisa usiku. Huyu aliyekuwa akiukaangia mtaa mzima chakula alikuwa hatii kitu kinywani hadi adhuhuri, na njaa na usingizi uliokatika ni vichocheo vikubwa vya kipandauso. Basi bintiye akashika zamu ya kukoroga unga, naye akalala hadi saa kumi na moja, akala vitumbua viwili vya kwanza yeye mwenyewe.

Kichwa kilipukacho ghafula, au kiambatanacho na homa na shingo kukakamaa, au ulimi kuwa mzito, au kianzacho baada ya miaka 50, hicho hakingoji makala. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile. Vivyo hivyo anayesema kwamba amechoka kuishi, asiachwe peke yake.

Mwezi wa tatu mama alinijia na ukurasa wa kalenda uliolowa mafuta. Alama za mkaa zilikuwa 6, na kando ya 2 tu ameandika: nimemeza.